Nakala Zipo, Ruhusa Hakuna



Ofisi nyingi za parokia siku hizi zina makabati mawili. La kwanza ni la mbao au chuma, lenye vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. La pili ni diski ndogo ya nje inayobeba nakala za kumbukumbu hizo. Kabati la kwanza Sheria ya Kanisa inalifahamu vizuri. Kanuni ya 535 inamdai paroko ahakikishe vitabu vinaandikwa sawasawa na kutunzwa vema. Kwa upande wa jimbo, kanuni ya 487 inataka hifadhi ya nyaraka ifungwe, ufunguo wake uwe kwa askofu na kansela peke yao. Kabati la pili nalo lina kufuli, ila wengi wetu hatulijui mpaka siku litakapotukatalia.

Mimi nililijua katika mwaka wangu wa uchungaji. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imeungua kwa hitilafu ya umeme, ikanunuliwa nyingine, nayo ikawekewa Linux kama ile ya zamani. Wiki hiyohiyo akaja binti aliyebatizwa hapo akiwa mtoto, akihitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya ukurasa wenye jina lake. Kwa bahati njema kitabu kile kilikuwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mchwa kukifikia, na picha zote zilikuwa kwenye diski ya nakala.

Tuliichomeka diski. Folda zikaonekana, kila moja na siku yake: leo, jana, juzi, wiki iliyopita. Hizi ndizo wataalamu huziita snapshoti, yaani sura ya faili zote kama zilivyokuwa siku fulani. Lakini kila tulipobofya folda ya ubatizo, kompyuta ilijibu kwamba hatuna ruhusa.

“Frateri, hii inanikatalia mimi?” akasema mama karani. “Mimi ndiye niliyeviweka humo!”

Alisema kweli, na kompyuta nayo haikukosea. Linux haimtambui mwenye faili kwa jina, inamtambua kwa namba. Katika kompyuta ya zamani fundi alijiandikisha kwanza akapewa namba 1000, na mama karani akafuata kwa 1001. Katika kompyuta mpya yeye ndiye aliyeandikishwa wa kwanza, akawa 1000. Diski ilikuwa bado inamsubiri 1001. Mtu ni yuleyule na jina ni lilelile, lakini namba imebadilika. Tuliligundua hilo kwa amri mbili fupi: id, inayokuonyesha namba yako, na ls -ln, inayoonyesha namba ya mwenye kila faili.

Kijana mmoja wa kwaya, mjuzi wa kompyuta, alitaka kutusaidia haraka. Alipendekeza amri ya chmod -R 777, ambayo humpa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta kila kitu. Mlango ungefunguka papo hapo. Baba Paroko akamuuliza jambo moja tu: “Na baada ya hapo, nani mwingine ataona?”

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kitabu cha ubatizo si orodha ya majina tu. Kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuandika mtoto aliyezaliwa na mama asiyeolewa, na mtoto wa kuasiliwa. Pembeni mwa jina huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Frateri mwenzangu, ukipewa daraja, taarifa itatumwa kwa paroko wa mahali ulipobatizwa, aiandike kitabuni. Katika kurasa hizo kuna habari ambazo pengine mhusika mwenyewe hajawahi kuambiwa. Kompyuta ya ofisi hutumiwa na karani, mhasibu, katekista na vijana wanaochapa ratiba ya Misa.

Kuna hatari ya pili, ya kiufundi. Nakala zile zilitengenezwa na programu ya rsnapshot. Ili kuokoa nafasi, faili ambayo haijabadilika haihifadhiwi mara kumi. Ni faili moja inayoonekana ndani ya folda kumi. Ukibadilisha ruhusa zake katika folda ya leo, umezibadilisha katika folda zote, hata za miezi iliyopita. Ukiiandika upya humo, umeharibu ushahidi wa siku zote.

Basi tukafanya hivi. Tuliiunganisha diski upya kwa kusoma tu, ili isiandikike kabisa. Kisha Baba Paroko mwenyewe aliweka neno la siri la mtumiaji mkuu, tukanakili picha ya ukurasa mmoja tu, tukaiweka kwenye folda ya mama karani, na kwa amri ya chown nakala hiyo ikawa mali ya namba yake mpya. Diski yenyewe haikuguswa. Jioni binti alipata cheti chenye sahihi na muhuri, na Dominika tangazo la kwanza la ndoa likasomwa.

Wanaotumia Borg au restic watakutana na kizuizi cha aina nyingine: nakala ikishafunguliwa na mtumiaji mmoja, kwa kawaida huyo peke yake ndiye anayeiona, na hata mtumiaji mkuu hukataliwa. Dawa yake ni rahisi: aifungue yule anayehitaji kusoma, kwa akaunti yake.

Tangu hapo parokia ile ina karatasi ndani ya kabati la chuma yenye namba ya kila mtumiaji, na kila baada ya miezi mitatu faili moja hurudishwa kutoka kwenye diski kwa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Sisi tunaoandaliwa kwa upadre tutakabidhiwa funguo nyingi: za tabernakulo, za sanduku la sadaka, za kumbukumbu za watu. Tukikataliwa mlangoni, tujiulize kwanza mlango huo unamlinda nani, na anayehitaji kilichomo ahudumiwe bila wengine kuachwa wazi. Binti yule alihitaji ukurasa mmoja. Majirani zake kitabuni hawakuomba chochote, nao walistahili kubaki salama.