Skrini Yenye Kisogo

Mwezi wa Agosti mjukuu wangu aliingia stoo kutafuta jembe, akatoka na swali.

"Guka, televisheni hizi tatu ni za nani?"

Nikamwambia si televisheni, ni skrini za kompyuta. Akarudi ndani, akaizunguka moja, akakitazama kile kisogo kirefu kilichojaa utando wa buibui. "Sasa haya yote ya nyuma yalikuwa ya nini?"

Msichana huyu amesoma kompyuta chuoni miaka mitatu.

Alikuwa amekuja kuniomba pesa, na hilo si kosa. Bonasi ya chai haijifichi katika ukoo. Anataka kufungua duka sokoni Kianjokoma: kuchapa, kujazia watu fomu za kodi za KRA, kutengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Kwenye simu alinionyesha ile kompyuta ambayo wauzaji wa Nairobi huiita olinwani, ubongo wake umefichwa mgongoni mwa skrini, nyembamba, nyeupe, inchi 24. "Hakuna waya, Guka. Waya ni mmoja tu, wa stima." Kisha akanionyesha ya pili shingo upande: sanduku jeusi kando, skrini ya inchi 27 kando, na nyaya kama matumbo ya mbuzi. Nichague.

Nilimwambia nitajibu baada ya chakula. Badala ya kujibu nikamsimulia habari za mama wa taipu.

Chumba chake kilikuwa kati ya kinu cha posho na bucha. Ukuta wa kushoto ulitetemeka kinu kikiwaka, na unga ulipenya kwenye nyufa ukatua juu ya kila kitu, hata nyusi zake. Kutoka kulia ilikuja harufu ya supu ya kichwa. Katikati ya unga na supu ilikaa harufu yake mwenyewe: wino wa saiklostaili, karatasi za stensili, na kile kiowevu cha kufutia makosa kilichokuwa kikitukereketa pua. Hata leo nikisikia harufu ya rangi ya kucha, nakumbuka mtihani wa darasa la saba.

Alikuwa amefanya kazi ya ukarani kabla ya kuja sokoni na taipureta yake ya Olympia. Alipiga barua za kuomba kazi, mashauri ya mashamba, kumbukumbu za mikutano ya chama cha kahawa. Hakukubali uketi kabla hujasema ni kurasa ngapi. Chifu alipoleta barua yenye makosa, ilitoka imenyooka, na chifu hakuambiwa kitu. Lakini kazi aliyoipenda ni historia za marehemu. Familia ikifika aliinua vidole kwenye vitufe akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Wakisitasita, alijaza mstari huo mwenyewe. Nimewahi kusikia kaburini sifa za mlevi mmoja tuliyemjua sote, tukatazamana, lakini hakuna aliyeweza kusema ni uongo. Kweli alipenda watoto.

Kompyuta ilikuja 2001. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka yote, mpaka usiku ule nilipotoa mkebe wa karatasi ili nimwonyeshe mjukuu risiti, nikakuta ni Machi 2003. Haidhuru. Risiti zenyewe ni mbili, na hapo ndipo nilipotaka kumfikisha.

Hakuna mmoja wetu aliyeweza kununua kompyuta nzima. Mimi nilikuwa na bonasi ya Oktoba niliyoificha, yeye alikuwa na akiba ya chama cha akina mama. Tulipanda matatu hadi Embu, tukabadilisha, tukafika Nairobi. Huko yeye akanunua sanduku, lile ambalo Wakenya wote huliita sipiyu ingawa mafundi hukasirika na kusema sipiyu ni kile kijiwe kidogo ndani yake. Mimi nikanunua skrini. Vyote viwili vilikuwa mitumba ya ofisi za Uingereza, na nyuma ya sanduku palikuwa na kibandiko chenye namba ya dawati la mtu ambaye hatutamjua kamwe. Skrini ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi. Niliipakata kutoka Nairobi kama mtoto mgonjwa, na kondakta akanitoza nauli ya abiria wa pili.

Basi sanduku lake, skrini yangu. Mapato nusu kwa nusu.

Mwaka wa pili tuligombana juu ya hesabu ya karatasi. Sitaeleza nani alikuwa na haki, maana yeye hayupo ajitetee. Nilichomoa kebo, nikaibeba skrini yangu begani, nikapanda nayo mlima hadi nyumbani. Siku tatu sanduku lake liliwaka na kunguruma bila uso, na wateja wakaambiwa mashine ina baridi. Siku ya tatu jioni alimtuma mtoto na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Kesho yake alfajiri nilikuwa sokoni nikifunga zile skrubu mbili za kebo.

Mjukuu alicheka hadi akakohoa. Lakini kwa olinwani tusingeanza, tena tusingegombana vile, maana nani angechukua nini?

Halafu kuna baridi ya Julai. Anayekijua Kianjokoma anajua ukungu unavyoshuka kutoka msitu wa Irangi, na jua lisivyoonekana wiki nzima. Ile skrini yenye kisogo ilikula wati 70 au 80, na nyingi zilitoka kama joto kupitia matundu ya juu. Akina mama waliotoka kuchuma chai waliingia na mikono iliyokufa ganzi, wakaizunguka mashine kwa nyuma, wakapasha viganja moto pale. Mama wa taipu aliwafukuza kwa ajili ya matone ya maji, kisha akawaita warudi wajifute kwanza. Vumbi la unga lilipopata moto juu ya kioo lilitoa harufu kama mkate unaokaribia kuungua. Ukisogeza mkono karibu na kioo, malaika yalisimama.

Fundi aliyekuja kutoka Embu alituonya tusiguse ndani hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kisogo kile hubeba zaidi ya volti 20,000 na huweza kubaki na chaji. Yeye mwenyewe alishika bisibisi kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka mfukoni.

Stima ya siku zile ilikuja kwa hasira. Iliunguza pawa ya sanduku. Tukanunua pawa, si kompyuta. Mwaka mwingine tukaongeza memori, baadaye diski. Kompyuta ile ilijengwa kama tunavyojenga nyumba huku, mwaka huu msingi, mwaka ujao bati, plasta Mungu akipenda. Na kebo ya skrini yenye pini 15, mtindo uliotoka na IBM mwaka 1987, iliingia katika kila sanduku tulilowahi kununua.

Olinwani yenyewe si jambo geni, nilimwambia. Kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho ilikuwa ya padri mmoja, Macintosh ndogo ya kioo cha inchi 9, kisicho na rangi, kila kitu ndani ya sanduku moja na kishikio juu. Apple walianza kuuza za namna ile 1984. Ilikuwa nzuri kama redio. Siku ilipozima, ilizima yote, ikaenda stoo, na mara ya mwisho niliiona kuku wameipa kazi nyingine.

Yaliyofuata yalipita haraka. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009 na intaneti ikashuka bei. Skrini bapa zikaja. Chumba kikapata nafasi na kikapoteza joto, na akina mama wa chai wakaacha kuingia. Mama wa taipu alifariki, na historia yake niliichapa mimi. Nilipofika kwenye ule mstari nilikaa saa nzima. Kisha ikaja iTax ya kujaza kodi mtandaoni, na foleni za 30 Juni hadi mlango wa bucha. Kisha korona, nikafunga.

Siku hizi unaingia saiba, kijana hainui macho kutoka kwenye simu. Anachapa ulichomtumia bila kusoma. Mwaka jana tulizika jirani kwa kijitabu chenye tarehe ya kuzaliwa ya baba yake.

Na olinwani nimewahi kuwa nayo, ya mtumba, 2018. Kampuni siitaji. Stima ilikatika, ikarudi, bodi ikaungua. Kioo kilibaki kizima, safi kama maji, lakini hakikuwa na tundu la kuingizia picha kutoka mashine nyingine. Fundi alinipa pole, akaniambia ninunue nyingine.

Mjukuu hakukubali kirahisi, na ana hoja. Nyingi za olinwani hula umeme kidogo, betri ndogo ya UPS inazimudu, na meza ya kibanda haina nafasi. Kwa dawati la mteja anayejaza fomu, sina ugomvi. Lakini hizi za mtumba nyingi zina vijiwe vya zamani visivyokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Sanduku likizeeka unabadilisha sanduku. Olinwani ikizeeka, inazikwa na kioo chake. Na kadi za harusi zinahitaji kioo kikubwa.

Tukaafikiana. Skrini ya inchi 27 nimenunua mimi. Sanduku atanunua yeye, kwa pesa yake, chai ya Oktoba ikilipwa.

Zile tatu za stoo zina madini ya risasi katika vioo vyake, kwa hiyo sitazitupa mtoni kama wengine wanavyofanya. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea mitambo iliyochakaa. Mwenye pikapu inayoshuka huko tupu aniambie sokoni. Zipo tatu, na mbili bado zinawaka.