Kuzunguka Igombe kwa Baiskeli

Tulipokuwa watoto Cheyo, ziwa kwetu halikuwa Tanganyika wala Viktoria. Ilikuwa Igombe, bwawa la kaskazini mwa mji wa Tabora, na habari zake tulizijua kwa bomba la nyumbani. Kiangazi kikikaza, mgao wa maji ukaanza, kila mama wa mtaani alijua Igombe imeshuka. Hakuna aliyehitaji kwenda kuliona.

Baba alikuwa akienda huko kufuata asali. Phoenix yake nyeusi ya Kichina, ya mwamba, ilikuwa na keria iliyoongezewa nondo ili ibebe madebe mawili bila kuyumba. Lakini safari yenyewe haikuanza na baiskeli. Ilianza siku kadhaa kabla, alfajiri, kwa kuwasubiri wauza mkaa wanaoingia mjini. "Mwangaluka," kisha habari za nyumbani, za mvua, za mtu aliyekuwa anaumwa. Ndipo yakaja maswali yenyewe: mbuga imekauka? Kisima kipi bado kina maji? Mbung'o wako upande gani mwezi huu? Akisharidhika, mama alimfungia matobolwa na karanga, kibuyu kikajazwa, safari ikawa tayari.

Utaratibu huo hakuubuni yeye. Misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, hadi Ujiji, ilipanga kambi zake kwa maji na chakula, na mpagazi wa Kinyamwezi alijua mapema ni kijito kipi kimekauka. Wageni walijifunza kusubiri. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alibaki Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, hadi Agosti, akingoja watu na vifaa kutoka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ya masafa marefu ikahamia kwenye mabehewa. Porini, ambako treni haiendi, baadaye baiskeli ikaurithi mgongo wa mpagazi.

Na hao mbung'o si wa kupuuza. Nzi huyu hufuata kinachotembea, na mwendesha baiskeli porini ni kama sahani inayopitishwa mbele yake. Rangi ya bluu iliyoiva humvuta zaidi, kwa hiyo shati la bluu lilipigwa marufuku kwetu siku za safari. Baba alichomeka tawi la majani nyuma ya kola likimpigapiga mgongo, akaenda zake. Wazee walisimulia kwamba enzi za Mwingereza kulikuwa na vizuizi barabarani: mlinzi mwenye kijavu alikuzungusha, akakagua mgongo, kofia, hata chini ya tandiko, usije ukawavusha nzi wa malale hadi sehemu iliyokwisha kufyekwa.

Sasa mtoto wa dada yangu anataka tulizunguke bwawa lote. Si kwa asali. Kwa kutembea tu, jambo ambalo baba angelitolea macho. Ana baiskeli ya gia ya mtumba, tairi pana zenye meno, breki nzuri kuliko za pikipiki nyingi. Alipanga safari nzima jioni moja, amelala kwenye mkeka: akafungua ramani ya simu, akapitisha kidole pembeni mwa lile doa la bluu, akaniambia, "Mjomba, njia ndiyo hii." Alilouliza yeye ni kama mtandao unashika, na chaji tutapata wapi.

Siidharau simu yake. Ile picha ya setilaiti ilinionyesha njia za ng'ombe ambazo baba hakuzijua maisha yake yote. Lakini doa la bluu ni la siku ilipopigwa picha. Nchi yetu ni tambarare; maji yakishuka kidogo tu kwa kina, ukingo unarudi nyuma mbali sana. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ukingo wa Mei sio wa Oktoba. Pale panapoonekana njia, Februari ni mbuga ya udongo mweusi unaojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, unachokoa kwa kijiti huku umebeba baiskeli begani. Ukipanda juu unakutana na mchanga, na hapo nakubali, tairi pana zitamfaa.

Nilimwuliza Igombe iko wapi sasa hivi, imejaa au imeshuka. Hakujua, na sikumlaumu. Siku hizi Tabora inapata maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba refu, na bwawa linaweza kushuka bila ndoo hata moja ya Cheyo kupata habari. Alichokijua kila mtoto wa rika langu bila kufundishwa, yeye inabidi amtafute mtu wa kumwuliza.

Basi tumewarudia wauza mkaa, ambao wengi sasa wako kwenye bodaboda. Tumekubaliana mwisho wa Juni: maji bado yako juu, mbuga imeanza kushikana, asubuhi kuna baridi ya kukanyagia. Kilichobaki ni tyubu. Mafundi wa vijijini huko wanaweka za inchi 28, saizi ya Phoenix. Zake ni 26. Nimemwambia anunue mbili hapa sokoni, na solusheni mpya, maana ile ya kwangu imekauka kwenye kopo.