Mtu wa risiti

GOMA – Wamama wanaovuka kila asubuhi pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, walimwita mtu wa risiti. Wenzake walipokea franka mkononi na kusema "pita". Yeye alichukua kalamu, akaandika, akatoa karatasi. Mama mwenye beseni la nyanya alikasirika mara nyingine, maana kuandika kunachelewesha na soko halingoji. Lakini akiwa na ile karatasi, alikuwa na jambo la kumwonyesha mwingine atakayemdai mbele.

Aliingia kazini miaka miwili baada ya kifo cha Floribert Bwana Chui. Watu wa Goma wanaikumbuka habari hiyo: kijana wa miaka 26, mkaguzi wa bidhaa, alikataa pesa ili chakula kilichoharibika kisiuziwe watu, akauawa Julai 2007. Huyu alikuwa mwanafunzi wakati huo. Alizoea kusema: kama mwenzetu alikubali kufa kwa ajili ya chakula kibovu, mimi nitashindwaje kuandika risiti?

Yeye hakuna aliyemtishia kumuua. Mshahara wa Leta ulichelewa, akavumilia kama wengine. Ripoti ndiyo ilimshinda. Ripoti hiyo haiandikwi. Jioni mtu wa chini anampelekea mkubwa wake bahasha, na mkubwa naye ana mkubwa wake. Asiyeleta hafukuzwi, anahamishwa tu, anakwenda kukaa kwenye kijiofisi ambako haipiti hata mbuzi. Alihamishwa hivyo mara mbili. Mara ya pili mke wake alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, na hospitali ikakataa kumwachilia yeye na mtoto mpaka deni lilipwe. Wenzake walichanga. Wale wale waliokuwa wanakula ndio waliomtoa mke wake, wala hawakumdai kitu. Walimwambia neno moja tu: "Ndugu, rudi, uwe kama watu."

Alirudi. Mwanzoni alichukua kiasi cha bahasha peke yake, nyumbani hakupeleka hata franka moja, na kwa miezi kadhaa alijihesabia kwamba mikono yake ni safi. Kisha ikaja karo ya shule. Kisha akawa anaandika risiti kwa wafanyabiashara wakubwa, wale wanaojua sheria na wenye simu za wakubwa. Mwenye lori alipata karatasi, mwenye beseni akakosa. Hapo wamama waliacha kumwita kwa lile jina, bila ugomvi. Lilipotea tu midomoni mwao. Hata yule mlemavu aliyevusha mizigo kwa kigari chake, ambaye zamani alimwandikia wa kwanza asisukumwe na watu, sasa alilipa kama wengine.

Siku ulipofika unga wenye harufu ya ukungu, kalamu haikutetemeka. Unga huo uliuzwa bei ya chini. Wanaonunua bei ya chini wanajulikana, hasa na waliolala miaka ile chini ya mahema pembeni mwa mji.

Januari 2025, M23 walipoingia Goma, naye alihama na familia. Njiani walikuta kamba imefungwa barabarani, vijana wenye bunduki wakidai pesa kwa kila kichwa. Mke wake akaanza kuwasihi: "Wanangu, tumekimbia, hatuna kitu." Yeye alikuwa amekwisha kukunja noti ndogo ndogo kiganjani, vile wamama wa mabeseni walivyozoea kumletea. Alitoa kabla hajaulizwa. Kijana alipokea bila kumtazama usoni.

Tarehe 15 Juni mwaka huo, Floribert alitangazwa mwenyeheri kule Roma. Katika nyumba waliyopokewa, redio ilikuwa inasema habari hiyo.

"Papa," mtoto akauliza, "si naye alifanya kazi ya mpakani? Ulimjua?"

Alijibu kwamba wakati ule alikuwa bado mwanafunzi.