Hisa za Nani, Kutoka Kitale Hadi Bukembe

Aliyepanda Peugeot ya abiria kutoka Kitale kwenda Bungoma miaka ya 1980, amebanwa kiti cha nyuma na kikapu cha kuku miguuni, hakuwa na haja ya kuchungulia dirishani ajue amefika wapi: Kitale ilinukia vumbi la mahindi na dawa ya mbegu, Webuye ilimpokea kwa uvundo wa mayai viza kutoka kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, ule ulioingia hadi kwenye nguo za kanisani, na Bukembe ikamsindikiza kwa utamu mzito wa molasi ya kiwanda cha sukari cha Nzoia. Pan Paper ilipofungwa, Webuye iliacha kunuka. Mabati, yasiyoliwa tena na moshi, yakadumu. Mifuko ndiyo iliyochakaa.

Wakati huo tulisema viwanda hivyo vyote ni “vya Serikali”, basi. Kumbe hisa ziligawanywa tofauti kabisa. Kenya Seed, kampuni ya mbegu ya Kitale, ilianzishwa mwaka 1956. Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), ilishika zaidi ya nusu kidogo, na wakulima na watu binafsi wakashika zilizobaki. Nzoia, ya mwaka 1975, Serikali peke yake ilikuwa na takriban asilimia 98.

Tofauti hiyo naiona ndiyo iliyoamua mengi. Mkulima wa Trans Nzoia mwenye cheti cha hisa alikuwa na pa kuuliza gawio liko wapi, na mbegu ikiwa mbovu, aliyeumia shambani ni yeye yule mwenyehisa. Si kwamba walikuwa malaika: mwaka 2001 zilitolewa hisa mpya, fungu la ADC likashuka chini ya nusu, na mwaka 2003 Serikali ikairejesha kampuni mikononi mwake. Kesi zikafuata. Mbegu ziliendelea kuuzwa.

Kwa Nzoia, mwenye mali alikaa Nairobi, akibadilika kila waziri alipobadilishwa, na hakuna usiku aliokosa usingizi kwa sababu miwa ya mtu wa Bukembe imekomaa na trekta haijaja. Madeni yakafika mabilioni.

Webuye, lakini, inaniharibia hesabu. Pale Serikali haikuwa peke yake: walikuwamo Orient Paper ya India, wenye ujuzi wa karatasi, na IFC ya Benki ya Dunia. Bado kiwanda kilifungwa mwaka 2009, madeni yakiwa yamekikaba, na mwaka 2016 kikauzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900.

Mwaka 2025 Nzoia nayo ilikodishwa kwa West Kenya Sugar, ya ukoo huohuo wa Rai, kwa miaka 30. Sitamlaumu anayeshangilia, miwa iliyolala shambani haijui mzalendo ni nani. Ila mipango ya zamani ya ubinafsishaji iliwaahidi wakulima sehemu ya hisa. Mkataba wa kukodisha hauna hisa za kugawa.