Mapishi ya Kihindi na Bei ya Makaa

Wengi hudhani kwamba mapishi ya Kihindi ni urembo wa watu wenye nafasi: viungo kumi katika sufuria moja, na saa tatu jikoni kwa chakula kinacholiwa kwa robo saa. Bibi mmoja mzaliwa wa Tanga, mke wa askari polisi, anayekaa Gitambi katika Wilaya ya Rusizi, ameambiwa hivyo mara nyingi. Majirani humwonea huruma. "Mama, makaa yote haya kwa sufuria moja?"

Neno hilo si la kupuuzwa, maana makaa hununuliwa kwa mshahara uleule unaonunua madaftari ya watoto. Kwa hiyo bibi huyu, aliyejifunza mapishi hayo utotoni kwa jirani wa Kihindi, amelazimika kufanya jambo ambalo kule Tanga hakuna aliyelihitaji: kuuliza kila hatua ina kazi gani, na ile isiyo na kazi kuiacha.

Hatua nyingi zimejitetea. Bizari nyembamba, iliki na mdalasini hutangulia katika mafuta ya moto kwa sababu harufu yake huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Mwenye kuvitupa viungo hivyo katika mchuzi unaochemka hupata harufu haba. Manjano huja nyuma ya vitunguu, kwa kuwa unga wake huungua upesi ukawa mchungu. Vitunguu navyo havina njia ya mkato: sharti maji yake yaishe ndipo viwe vyekundu na kutoa utamu. Hapo ndipo makaa huteketea. Dawa aliyoipata ni kukaanga vitunguu vya juma zima kwa moto mmoja, siku ya Jumamosi, na kuvihifadhi katika kopo. Nyama hulala katika maziwa ya mgando, yale ambayo Wanyarwanda huyaita ikivuguto, ikaamka laini. Mchele ni wa bonde la Bugarama, nao ukiwa mpya hutiwa maji machache, la sivyo huwa bokoboko.

Alichokataa katakata kukiacha ni kuziba sufuria ya biriani kwa unga uliokandwa na kuipalia makaa juu ya kifuniko. Husimuliwa huko Lucknow, India, kwamba mtindo huo ulipata sifa mwaka 1784, wakati wa njaa, mtawala Asaf-ud-Daula alipowapa watu kazi ya kujenga jengo la Bara Imambara, na vyungu vilivyozibwa vikawangoja vibarua usiku na mchana. Masimulizi ya namna hiyo hayakosi kutiwa chumvi, lakini mke wa askari huyaelewa vizuri: mume arudipo kutoka lindoni saa sita usiku, chakula kingali moto, wala hapana haja ya kuwasha jiko tena.

Na hao majirani wenye huruma, je? Wao hutwanga majani ya muhogo na kuyachemsha kwa saa kadhaa wapate isombe, wala hawaoni kuwa wanajisumbua. Wana haki, kwani majani hayo yakiwa mabichi yana sumu, na ni kutwanga na kuchemsha kunakoiondoa. Bibi huyu naye siku hizi hutwanga pamoja nao.

Makaa basi si hoja pekee. Binti yake, mwenye miaka 12, alizaliwa Rwanda na Tanga huijua kwa jina tu. Hupenda masala ya pakiti. "Mama, si ni yaleyale?" Mama hamkatalii wala hamhubirii. Humpa mwiko, humgeuzia mgongo akichambua mchele, na kumtaka aseme mwenyewe, kwa harufu peke yake, ni lini bizari imeiva. Mwezi uliopita binti alisema mapema mno mara mbili. Jumamosi iliyopita alisema kabla mama hajageuka, na sufuria ikaepuliwa.