Chai nyepesi na hesabu za mpwa wangu

Ikiwa una kijana anayesomea uchumi mwaka wa kwanza chuoni, hebu mwombe daftari lake. Utakuta mchoro wenye mistari miwili kama herufi L, na wa tatu unaoiunganisha kwa mshazari. Huo wa tatu huitwa mstari wa bajeti. Mpwa wangu aliponionyesha wake nilicheka, kwani akina mama wa mtaani kwetu Umoja wanaujua japo hawajawahi kuuchora.

Tuseme nyumba imetenga Sh600 kwa wiki za unga na maziwa pekee. Pakiti ya unga ni Sh150, ya maziwa Sh50. Ukinunua unga mtupu utapata pakiti nne. Maziwa matupu, kumi na mbili. Katikati kuna michanganyiko mingine, kama unga mbili na maziwa sita. Kilicho nje ya mstari utakitazama tu dukani.

Sasa unga upande hadi Sh200. Ncha ya maziwa haisogei, ila ya unga inarudi hadi tatu. Awali kila pakiti ya unga ilikunyima maziwa matatu. Sasa inakunyima manne. Na kwa kuwa watoto lazima wale ugali, mama atachukua unga zake mbili, abaki na Sh200, yaani maziwa manne badala ya sita.

Hapo ndipo ugomvi huanza. "Mama watoto, mbona chai siku hizi ni maji?" Mume wangu aliniuliza hivyo mbele ya wageni, na neno ubahili likatajwa. Nilinyamaza. Wageni walipoondoka nilimwekea mezani risiti mbili, ya mwezi ule na ya mwezi uliotangulia. Alizisoma kimya.

Wanauchumi hutenganisha anachopenda mtu na anachoweza kununua. Mimi sikuacha kupenda maziwa. Ili turudie unga mbili na maziwa sita, zilihitajika Sh100 zaidi kwa wiki, na hizo hazikuwepo.

Serikali nayo huweza kuusogeza mstari. Julai 2022 iliagiza unga wa kilo mbili uuzwe Sh100, wakati ulikuwa umepita Sh200. Kwa mfano wetu, ncha ya unga ingeruka kutoka tatu hadi sita. Lakini unga wa bei hiyo uliadimika madukani, na wengi hawakuuona hata kwa macho.

Nilimwuliza mpwa wangu kuhusu kitabu cha madeni cha mwenye duka. Ukikopa leo, mstari wa wiki hii unatanuka, na wa wiki ijayo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Akasema hilo watafundishwa muhula ujao.