Baba alivyowapeleka wanawe Mto Mara

Watoto hao wawili wa Mwanza, kaka wa miaka 11 na mdogo wake wa kike wa miaka saba, Mto Mara walikuwa wakiujua kwenye runinga tu. Nyumbu wanaruka, mamba wanasubiri. Baba yao alipowaambia likizo ya Juni kuwa mto huohuo unapita karibu na kwa bibi, Kemambo, yule mdogo aliuliza kama bibi anaishi mbugani.

Bibi haishi mbugani. Anaishi Tarime, upande wa Nyamongo kwenye migodi ya dhahabu, na ukivuka mto uko Wilaya ya Serengeti. Baba alizaliwa hapo, lakini kuwapeleka wanawe mtoni alikuwa akiahirisha kila mwaka. Machi 2022, maji yalipobadilika rangi, samaki wakafa na Serikali ikazuia kwa muda watu kuyatumia, alipata sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga.

Safari hii walianzia sokoni. Bibi alikagua ulezi kwa kuumimina kiganjani na kuupuliza, akakataa wa wauzaji wawili, akachukua wa mtu wa tatu. Wajukuu waliozoea unga wa pakiti walisimama wakimtazama kama wanaona mchezo. Mama alinunua dagaa na ndizi. Kijana aliomba ndala mpya, za kuingilia majini, alisema. Baba alilipa bila neno.

Njiani alisema sana: huu mti tulikula matunda yake, pale palikuwa na zizi. Walipofika mahali ambapo ardhi inakatika na mto unaonekana chini kati ya kingo ndefu, alinyamaza.

Kijana alivaa ndala zake, akaanza kushuka mbio. Baba akapiga kelele kwa Kikuria, lugha ambayo watoto hawaijui, akamkimbilia na kumshika shati kwa nguvu hadi vifungo viwili vikang'oka. Mtoto akaangua kilio.

“Baba watoto, umewaleta waone mto au uje kuwavunja mikono?” mama aliuliza kwa hasira.

Bibi ndiye aliyejibu. Alikaa juu ya jiwe, akawaita wajukuu. “Baba yenu alikuwa na kaka,” alisema. Kaka huyo alikuwa na miaka 13. Alishusha ng'ombe kunywa maji, na mdogo wake wa miaka minane akabaki juu kuzuia ndama. Mamba alimchukua kijana, hakumgusa ng'ombe hata mmoja.

Mama alikuwa ameolewa miaka 12. Alichowahi kuambiwa ni kwamba shemeji yake huyo alikufa mdogo, kwa homa.

Wapo wazazi wa namna hii wengi, na si kwamba ni waongo. Mtu huficha jambo moja ili wanawe wasiogope, kisha watoto wanabaki wakiogopa hasira ambayo hawajui imetoka wapi.

“Mlimpata?” binti aliuliza.

“Hatukumpata, mjukuu wangu.”

Mtoto aliutazama mto. Shuleni alikuwa amefundishwa kuwa unatoka milima ya Mau, Kenya, na urefu wake ni kilomita 395. Akauliza unaishia wapi. Baba, aliyekuwa bado ameshika vile vifungo viwili, alimwambia unaingia Ziwa Victoria, karibu na Musoma.

“Ziwa letu la Mwanza?”

“Ndilo hilo.”

Kijana alijifuta machozi, akauliza jina la baba yake mkubwa. Baba alilitaja kwa sauti ndogo. Kijana hakulisikia vizuri, akamwomba alirudie, naye akalirudia.

Hawakushuka majini. Walikula ndizi palepale juu, bibi akieleza marehemu alivyokuwa mtundu, alivyokuwa akiiba maziwa kwenye kibuyu na kujazia maji. Baba akasema hapana, aliyekuwa akijazia maji ni yeye.